Kiti cha Matete

Enos wa Nyuki, jirani yetu mfuga nyuki, anasema alimwona kaka yangu Jumamosi ile msimu wa kuwinda bata ulipofunguliwa. Anasema alikuwa juu ya daraja la zamani la reli, anamtafuta ndama wake aliyepotea, mara akaona boti ya kijani katikati ya kinamasi, ng'ambo ya mfereji, kule ambako watu hawafiki. Ndani ya boti alikuwa Atlee, bunduki ameilaza mapajani. Na bata, anasema Enos, walikuwa wanamwagika kutoka juu kama mahindi yanayovuja kwenye gunia lililotoboka. Mia mbili, labda mia tatu. Walitua mpaka ubavuni mwa boti, na Atlee hakufyatua hata risasi moja. Alikaa tu. Jua lilipopanda akawasha mashine ya boti akaenda zake mikono mitupu.

Habari hiyo alituletea jikoni kwetu, kofia ameivika goti, kipande cha pili cha pai ya maboga kiko mkononi. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, miguu ameifunika blanketi.

"Bata mia tatu," Baba akasema. "Mwaka jana uliona samaki mkubwa kama nguruwe. Na huyo ndama, ulimpata?"

"Nilimpata."

"Wapi?"

"Zizini. Kumbe hakuwa ametoka."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Lakini niliangalia mikono yake, maana mimi ni mtu wa kuangalia, na mikono ilikuwa imeshika blanketi kwa nguvu. Enos alilitaja jina la Atlee mara nne. Baba hakulitaja hata mara moja. Enos alipoondoka, Baba aliniuliza kama kuni zinatosha mpaka asubuhi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho siku ile.

Atlee alibatizwa akiwa na miaka ishirini. Miaka mitatu baadaye akaanza kuezeka mapaa na watu wa nje ya kanisa letu, akanunua gari, jambo ambalo kwetu limekatazwa, akaambiwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hakurudi kutubu. Siku kanisa lilipoamua kumtenga, kila aliyebatizwa aliulizwa, wanaume upande wao na wanawake upande wetu. Baba alisema ndiyo. Na mimi nilipofikiwa nikasema ndiyo, kwa sauti ndogo, lakini ilisikika. Tangu siku hiyo hatuli naye meza moja, hatupandi chombo anachokiendesha, hatupokei kitu kutoka mkononi mwake. Kusema naye haikukatazwa. Baba ndiye aliyejikataza mwenyewe. Mwaka huu ni wa tatu.

Tumebaki wawili katika nyumba ya vyumba sita. Mama tulimzika nikiwa na miaka kumi na miwili, mwaka mmoja kabla sijamaliza darasa la nane, ambalo ndilo mwisho wa shule kwetu sote. Dada zangu wameolewa mbali. Wasichana niliosoma nao wana watoto, wakinikuta kanisani wananiuliza habari za Baba, wakimaliza wanatafuta mtu mwingine wa kuzungumza naye. Siwalaumu. Sina habari za meno ya watoto wala za mapazia. Habari zangu ni ng'ombe tisa, mkate siku ya Ijumaa, na kinamasi.

Baba ndiye aliyenitia kinamasi kichwani. Ni ardhi ya jimbo, ekari elfu kadhaa za matete na maji, na yeyote mwenye leseni anaweza kuingia. Tulikuwa tunakwenda watatu. Baba alijilaza kwenye matete akafunika uso kwa kofia, kwa sababu bata akiwa juu anaona uso wa mtu unang'aa kama sahani. Atlee alichungulia penye upenyo. Mimi nilikaa katikati yao, mdogo, nimeambiwa nisipumue. Bata wakitua, Baba alinong'ona chini ya kofia, "Nihesabie." Atlee akahesabu polepole, moja, mbili, tatu, na mimi namba nilijifunzia hapo kabla ya kwenda shule. Ilikuwa kazi ya Atlee peke yake. Siku moja nilijaribu kuhesabu mimi, Baba akasema kila mtu na kazi yake, yangu ni kunyamaza.

Sasa macho ya Baba yamekwisha. Ni kisukari. La kulia lilizima zamani, la kushoto mwaka huu majira ya kuchipua, na tangu hapo ugonjwa ukashuka mguuni. Daktari wa mjini amepanga kuukata mguu wa kulia wiki ya kwanza ya Desemba. Jioni tuliyorudi kutoka kwa daktari, nikiwa namfungua farasi, Baba alikuwa bado amekaa ndani ya kigari.

"Orpha," akasema, "nitafutie mahali. Kupiga sitaki. Nataka niwasikie wakitua mara moja kabla ya barafu. Nikishakatwa, nani atanibeba kwenye tope?"

Nikamwambia nitatafuta. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Kwetu maji huganda katikati ya Novemba, na yakiganda bata huondoka usiku mmoja, asubuhi unakuta kimya.

Mahali petu pa zamani, penye mti mkubwa uliokauka, hapakufaa tena. Mtu alipaweka kwenye ramani ya simu, wenye simu wakapaona, na sasa kila alfajiri magari saba yanalala pale kwenye maegesho. Nilikwenda kupaangalia hata hivyo. Matete yamelazwa, maganda ya risasi yanaelea, mbwa wa watu wanabweka. Bata walikuwa wanapita juu sana, kama wanaopita nyumba yenye ugonjwa.

Kwenye maegesho nilikutana na kijana mmoja wa nje, amevaa nguo zenye picha za majani toka kofia mpaka viatu. Alinitazama gauni na kilemba changu cheupe.

"Dada, na gauni hilo unakwenda kuwawinda au kuwahubiria?"

"Wewe umevaa kama kichaka," nikamwambia, "na bado hawakuja."

Wenzake wakamcheka. Yeye naye akacheka, akanionyesha simu yake, ramani yenye vidoto vyekundu, kila kidoto mahali ambapo mtu aliwahi kupata bata. Vilikuwa vimejaa ukingoni mwa barabara kama upele, na katikati ya kinamasi hakuna hata kimoja. Nilimshukuru. Alikuwa amenisaidia kuliko alivyojua.

Baba hutafuta mahali kwa njia yake, nami sijui nyingine. Hutafuti bata, unatafuta wanakokwenda. Jioni unasimama mahali palipoinuka, jua liko mgongoni, unasubiri. Bata wanatoka kwenye mashamba walikookota mahindi yaliyosalia, wanarudi majini kulala. Unachagua kundi moja, unalifuata kwa macho mpaka likunje mabawa na kuanza kushuka, na hapo hapo unatia akilini kitu kilicho nyuma yake, mti, mnara, paa. Umepata mstari mmoja. Kesho yake unasimama mahali pengine, unapata mstari mwingine. Inapokatana ndipo walipo.

Siku ya kwanza nilisimama juu ya daraja la reli. Siku ya pili kwenye kilima cha makaburi yetu, ambako nilisimama karibu na Mama mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuona mtu huko siku hizo mbili, na huko sikusema neno ila kwa farasi. Upepo ulikuwa unapita kwenye matete makavu na kufanya sauti kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili, mlango umefungwa.

Nikirudi nyumbani, Baba alinitaka nimpangie kinamasi juu ya meza. Huwa naweka kitu mahali pa kitu, anakipapasa kwa vidole. Haragwe moja daraja, haragwe jingine makaburi, kisu ni mfereji, kijiko ni barabara ya maegesho. Nikamwambia kutoka darajani kundi lilishukia mbele ya silo, ule mnara wa nafaka wa akina Borntreger. Kutoka makaburini lilishukia mbele ya misonobari mitatu. Akavuta vidole viwili juu ya meza taratibu, kimoja toka huku, kimoja toka huku, mpaka vikagusana. Vilikutana ng'ambo ya kisu.

Ni pale pale aliposema Enos.

Baba akaondoa vidole kama aliyegusa jiko. "Tafuta pengine," akasema.

Nikatafuta pengine. Siku sita, kila baada ya kukamua ng'ombe. Nilivaa suruali ya mpira inayofika kifuani juu ya gauni, nikaingia tope upande wa kusini, nikaingia upande wa magharibi. Palipokuwa na maji mazuri palikuwa na watu. Pasipokuwa na watu hapakuwa na chakula, maji meusi tu na mashina. Mara moja nilipata dimbwi dogo lenye mpunga mwitu, chakula cha bata, lakini nilipokwenda kesho yake niliona utepe wa rangi ya machungwa umefungwa kwenye tete, na mwingine mbele yake, na mwingine, mtu amejiwekea njia ya kurudi. Na kila jioni, popote niliposimama, makundi yalikuwa yanapita juu yangu yanakwenda kule kule.

Asubuhi ya tarehe kumi Novemba ndoo ya zizini ilikuwa na ngozi ya barafu. Niliivunja kwa kiatu. Baba aliisikia kutoka mlangoni.

"Nene?"

"Kama kioo cha taa."

Alisimama na fimbo yake, uso ameuelekeza kaskazini kana kwamba anaona inavyokuja.

Mchana nilikwenda kwa Enos kumwomba boti yake bapa, ile ya mbao isiyo na mashine.

"Chukua," akasema. "Ikivuja usiniletee malalamiko. Niletee boti." Kisha akaniangalia, akaacha mzaha. "Unakwenda kuhakikisha niliyoyasema?"

Nikasema nakwenda kumtafutia Baba mahali. Akaitikia kwa kichwa, akanisaidia kuipakia kwenye mkokoteni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniongezea neno.

Nilipiga pondo, nikisukuma boti kwa mti mrefu, karibu saa nzima. Mfereji ni mpana lakini hauna kina, na ng'ambo yake matete yamesimama kama ukuta. Niliufuata ukuta huo mpaka nikaona manyoya mawili yanaelea yanatokea ndani. Manyoya hayaendi kinyume na upepo bila sababu, kuna maji yanayotembea. Nikasukuma boti penye upenyo ule, matete yakanipiga uso, kisha yakaachia.

Dimbwi lilikuwa dogo, upana wa ua wa zizi letu. Maji safi, mbegu zimetanda juu. Bata waliruka wote kwa pamoja, vichwa vya kijani, na kelele yao ilinipita kifuani. Sikuwa nimeona kitu hicho kwa miaka mitatu. Nilikaa chini ndani ya boti mpaka kukatulia.

Pembeni kulikuwa na kichuguu cha panya wa maji, lundo la matete wanalojijengea, kikubwa, kimekauka juu. Juu yake mtu alikuwa ametengeneza kiti. Mafungu ya matete yamefungwa kwa kamba, na mgongo wa kuegemea, namna Baba alivyokuwa akitutengenezea. Boti ya kijani ilikuwa imesukumwa ndani ya matete nyuma yake, na kaka yangu alikuwa amekaa ndani yake ananiangalia.

"Umechelewa," akasema. "Nilikuona umesimama darajani, nikadhani utafika wiki iliyopita. Ulikwama kwenye hesabu?"

"Nilikatazwa."

Akainamia chupa yake ya kahawa. Amenyoa ndevu, uso wake umekuwa wa mtoto na wa mtu mzima kwa pamoja. Alimimina kahawa kutoka kwenye chupa, akataka kunipa, mkono ukafika nusu ya njia ukasimama. Kisha akakiweka kikombe kwenye ukingo wa boti yangu, akaondoa mkono. Nikangoja kidogo, nikakichukua. Tulifanya hivyo bila kutazamana, kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango mwembamba.

Nikamuuliza kwa nini hapigi. Akasema ana chumba kimoja juu ya duka la matairi, bata mmoja atamla siku tatu peke yake, na siku ya tatu hana hata wa kumlalamikia kwamba amechoka na bata. Akacheka. Mimi sikucheka. Akaniuliza ng'ombe wangapi, nikamwambia tisa. Akauliza kama jiko bado linatoa moshi upepo ukitoka mashariki. Nikasema bado. Kisha nikamweleza habari ya mguu.

Alichuna mbegu kutoka kwenye tete, moja moja.

"Mlete," akasema.

"Hawezi kupanda boti yako."

"Ana ya Enos, na wewe ndiye unayepiga pondo. Akae kwenye kiti. Mimi nitakuwa ndani ya matete pale, hatua ishirini. Haoni, Orpha."

"Unataka nimdanganye."

"Nataka nimwone akiwasikia. Basi. Sitamkaribia."

Nilifikiri juu ya kisu mezani na vidole vilivyoondoka. Nikamwambia akisema hata neno moja, hata kukohoa, Baba ataomba arudishwe nyumbani, na hatatoka tena mpaka siku ya kwenda hospitali, na hatakuwa na imani na mimi, na mimi ndiye niliyebaki. Sisi hatuapi. Kwa hiyo hakuapa. Alisema tu, "Sitasema," na kwetu hiyo inatosha. Hata kwa aliyetoka, niliona bado inatosha.

Jioni nikamwambia Baba nimepata mahali.

"Boti ya nani?"

"Ya Enos."

"Nani anapiga pondo?"

"Mimi."

Akageuza kikombe chake mezani, mara moja, mara mbili. Nilisubiri aulize palipo, nimeshajiandaa kusema. Hakuuliza. Nami sikuongeza.

Alhamisi upepo uligeuka ukatoka kaskazini magharibi, na mawingu yakawa chini. Nilimfunga Baba kofia kwa skafu ya Mama ili isipeperuke, akalalamika kwamba nimemfanya bibi kizee, nikamwambia mabibi vizee wa kwetu hawana ndevu za namna hiyo. Saa nane mchana tulikuwa majini. Wenye magari walikuwa wameshaondoka, wao ni watu wa alfajiri. Baba alikaa mbele ya boti mikono miwili imeshika kingo, pua juu. Alikuwa ananitajia tunapopita. Hapa pana mizizi, maji yamebadilika sauti. Hapa ni mfereji, baridi imeongezeka. Tulipofika ukuta wa matete akanyamaza.

Ndani ya dimbwi kingo zilikuwa zimeshaanza kuganda, duara jeupe lenye upana wa kiganja. Niliwaweka majini bata wake watano wa mbao, wa kuwavutia walio hai, aliowachonga mwenyewe miaka ile macho yakiwa mazima. Nikatazama kwenye matete. Hatua ishirini, kofia ya kahawia, na jicho moja. Hakuna kilichotikisika.

Nikamshika Baba mkono, nikamshusha kwenye kichuguu, nikamwelekeza.

"Kuna kiti," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeangalia kila kitu kwa siku kumi na tano. Upepo, nyayo, nyuso, barafu. Kiti nilikiona kwa macho, na macho yakaniambia ni kiti kama vile vya zamani. Sikufikiria vidole.

Kipofu hakai kabla hajapapasa. Aliegemeza fimbo begani, akainama, akapitisha mkono juu ya mafungu ya matete, akashuka ubavuni, akakuta kamba. Akaifuata kamba mpaka kwenye fundo. Akasimama hapo.

Atlee ni wa mkono wa kushoto. Mafundo yake yamezunguka kinyume tangu utoto, na Baba alikuwa akimtania kwamba yanafanana na mkia wa nguruwe, kwamba farasi akifungwa na Atlee hata wanaume watatu hawamfungui. Vidole vya Baba vililizunguka fundo lile mara moja, vikarudi, vikalizunguka tena. Mwili wake ulibaki umeinama nusu. Nilihesabu pumzi zangu. Kitu kilichotengenezwa na mkono ule, kukikalia ni kukipokea au si kukipokea? Sijui. Hakuna aliyewahi kutufundisha habari ya viti vya matete.

Niliona mguu wake mbaya unatetemeka. Nilitaka kusema turudi, nikasema, "Baba."

"Ngoja."

Nikangoja. Kisha akageuka, akashika goti, akakaa. Matete yakalia chini yake. Akaegemea taratibu mpaka mgongo ukafika, akaweka mikono juu ya fimbo.

"Kimefungwa vizuri," akasema.

Nilikaa ndani ya boti, nikamwangalia yeye tu. Upande wa matete sikuweza kuangalia. Muda ulipita. Baridi ilipanda kutoka majini ikaingia magotini. Halafu niliwaona, mbali juu ya silo, kama pilipili manga iliyomwagika angani, lakini Baba alikuwa ameshainua uso kabla yangu. Wakazunguka mara moja juu sana. Wakazunguka mara ya pili chini zaidi, na sauti ya mabawa ikawa ya kitambaa kinachopasuliwa polepole. Mara ya tatu wakakunja mabawa.

Walitua mbele yetu, wengine kati ya bata wa mbao, maji yakipasuka hapa na pale, kisha pote. Wengine wakaja nyuma yao. Na wengine. Walikuwa wanaongea, kucheka, kugombana, kama watu waliofika harusini kutoka safari ndefu. Mmoja alikuja mpaka karibu na kiatu cha Baba. Baba alikuwa amefungua mdomo kidogo. Machozi yalikuwa yanatoka kwenye macho yale yasiyoona, na hakuyafuta, wala sijui kama alijua yanatoka.

Akanong'ona kitu. Niliinama kumsikia.

"Nihesabie."

Nikaanza, "Moja, mbi..."

Aliinua mkono kunizuia. Polepole, asiwashtue bata. Kisha akageuza uso kutoka kwangu, akauelekeza kwenye matete, si pale hasa alipokuwa Atlee, kidogo kushoto kwake, kama mtu anayezungumza na mlango asioujua ulipo.

"Nihesabie," akasema tena.

Nikatazama kule. Atlee alikuwa ameweka kiganja mdomoni, amekibana, na macho yake hayakuwa kwa Baba wala kwa bata. Yalikuwa kwangu. Aliniambia hatasema, na neno lake nilikuwa nalo mimi, akingoja nimfungue.

Bata waliendelea kutua. Baba alisubiri, sikio ameligeuza, kofia imefungwa kwa skafu ya Mama, na mwanga ulikuwa unapungua juu ya maji.